Kabila Halipimi Dozi

Mara ya mwisho Serikali ya Tanzania kumwuliza mwananchi kabila lake katika sensa ilikuwa mwaka 1967. Tangu hapo makarani wamepita nyumba kwa nyumba wakiuliza umri, elimu, paa la nyumba na aina ya choo, lakini safu ya kabila haimo. Wengi wa wasomaji wangu hawakuwa wamezaliwa swali hilo lilipoondolewa, nao hawalioni pengo. Mimi pia silioni. Ndiyo maana nilishtuka kidogo, katika kipindi cha maswali baada ya mhadhara wangu kuhusu ujenzi wa taifa, mwanafunzi mmoja wa uuguzi aliposimama na kuuliza: ikiwa imethibitika kwamba dawa za magonjwa ya akili hazifanyi kazi sawasawa katika miili ya watu wa asili tofauti, je, haujafika wakati wa kulirudisha kabila, angalau katika faili la mgonjwa?

Mtu wa kizazi changu hulijibu swali kama hili kwa kulifukuza. Hutaja umoja wa kitaifa, hutaja Mwalimu, kisha hukaa chini akiwa ameridhika. Lakini muulizaji hakuwa mchochezi, na msingi wa swali lake ni wa kweli. Miili haifanani mbele ya dawa, na sehemu ya tofauti hiyo tumeirithi. Mimi si daktari. Nafundisha sayansi ya siasa. Hata hivyo swali la kwamba dola imwandike raia wake kwa jina gani ni swali la fani yangu, hata linapoingilia mlango wa zahanati. Jibu langu ni hapana, tusilirudishe. Ila hapana hiyo ina gharama zake, na tusipozilipa, tutakuwa tumewanyima wagonjwa haki yao huku tukijisifu kwa uzalendo.

Nitalijibu swali hili kutoka Kiomboi. Ndiko nilikokulia, na sidhani kama ipo sehemu nyingine nchini ambapo wazo la dozi kwa kabila lingepaswa kufanya kazi vizuri zaidi. Katika eneo lililokuwa Wilaya ya Iramba kabla ya Mkalama kugawanywa, na katika mipaka yake na Mbulu, zinakutana familia za lugha zisizo na undugu wa karibu. Wanyiramba, Wanyisanzu, Wanyaturu na Wasukuma ni Wabantu. Wataturu, ambao wengine huwaita Wabarbaig au Wadatoga, lugha yao ni ya Kiniloti. Wairaqw ni Wakushi. Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi wana lugha ya vidoko ambayo wanaisimu hawajaipatia ndugu. Siku ya kliniki, benchi moja la mbao linaweza kubeba wote hawa.

Mwaka 2009 kundi la watafiti lililoongozwa na Sarah Tishkoff lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu kutoka jamii 121 za Afrika, nyingi zikiwa za Tanzania. Jambo lililojitokeza ni kwamba Waafrika wanatofautiana wao kwa wao kuliko wakazi wa bara lingine lolote. Watu wawili wa benchi la Kiomboi wanaweza kuwa mbali zaidi kivinasaba kuliko Mnorwe na Mchina. Kwa hiyo anayesema "dawa hii kwa watu weusi ifanywe hivi" hajasema kitu. Rangi ya ngozi haielezi kinachotokea ndani ya ini.

Na ni kwenye ini tunakopaswa kwenda. Dawa nyingi za akili, baada ya kumezwa, hupita humo, na vimeng'enya huzivunjavunja ili mwili uziondoe. Kimojawapo kinaitwa CYP2D6. Kazi yake inagusa haloperidoli, risperidoni, amitriptilini na nyingine kadhaa zilizo katika makabati ya hospitali zetu. Jeni inayotoa maelekezo ya kukitengeneza hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Wapo ambao kimeng'enya chao hakifanyi kazi kabisa. Miongoni mwa Wazungu ni kati ya asilimia 5 na 10. Wapo ambao chao kinafanya kazi polepole. Wapo pia wenye nakala za ziada za jeni hiyo, ambao huivunja dawa kabla haijapata nafasi ya kutibu. Kwa kidonge kilekile, mmoja analemewa na dawa, mwingine haoni nafuu, na muuguzi aliyewapa wote wawili dozi ya kitabuni hana kosa lolote.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa Zimbabwe, akiwemo Collen Masimirembwa, walieleza umbo la jeni hii lililo la kawaida miongoni mwa Waafrika, likapewa namba 17. Muda si mrefu baadaye wataalamu wa Muhimbili, akiwemo Profesa Amos Massele, wakishirikiana na wenzao wa Uswidi, waliwapima Watanzania wakakuta, pamoja na hilo, umbo jingine lililopewa namba 29. Yote mawili hupunguza kasi ya kimeng'enya, na yote mawili si adimu kwetu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999 na 2001. Mwaka 2002 likaongezwa jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi: umbo la namba 17 halipunguzi kasi kwa dawa zote kwa kiwango kimoja. Linaweza kuichelewesha dawa hii na kuiacha ile ipite karibu kama kawaida. Maana yake, hata kipimo kilichobuniwa Ulaya kwa kutumia dawa moja ya mfano hakiwezi kuhamishiwa kwetu bila kupimwa upya.

Robo karne imepita. Majarida yaliyochapisha kazi hizo yamo katika maktaba za vyuo vikuu. Nimewauliza matabibu kadhaa, kwa miaka kadhaa, kama wamewahi kufundishwa habari hizi katika mafunzo yao. Mmoja alikuwa amezisikia, tena katika semina iliyohusu dawa za malaria.

Anayedhani kwamba tiba ya tatizo hili ni kuandika "Mwafrika" juu ya faili na kupunguza dozi, na atazame Ethiopia. Mwaka 1996 Eleni Aklillu na wenzake walionyesha kwamba asilimia 29 ya Waethiopia waliowapima walikuwa na nakala za ziada za jeni hiyohiyo ya CYP2D6. Yaani jirani zetu, Waafrika kama sisi, wamo wengi wenye ini linalokimbia pale ambapo letu linatembea. Dozi ya "Mwafrika" ingemlemea Mtanzania mmoja na kumwacha Mwethiopia mmoja bila tiba, kwa agizo lilelile la daktari.

Kisha Aklillu na wenzake waliongeza kizungumkuti kingine. Waliwalinganisha Waethiopia wanaoishi kwao na Waethiopia wanaoishi Uswidi, wenye maumbo yaleyale ya jeni. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalionyesha kwamba vimeng'enya vya waliobaki nyumbani vilifanya kazi polepole zaidi. Jeni haikuwa imebadilika kwa kupanda ndege. Kilichobadilika ni mazingira: chakula, maradhi, vitu ambavyo mtu huvitafuna na kuvinywa. Uchunguzi wa baadaye, Ethiopia hukohuko, ulionyesha kwamba mirungi yenyewe huzuia CYP2D6. Basi kabila ni lilelile, vinasaba ni vilevile, na bado dawa inapita kwa mwendo tofauti kwa sababu mmoja anaishi Addis Ababa na mwingine Stockholm.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo hili la mazingira, maana Singida tunalo la kwetu. Moshi wa tumbaku huchochea kimeng'enya kingine cha ini, CYP1A2, ambacho huvunja olanzapini na klozapini. Mvutaji sigara anaweza kuhitaji dozi kubwa kuliko asiyevuta. Kinachofanya kazi hiyo ni moshi wenyewe, wala si nikotini, kwa hiyo mzee anayenusa ugoro hayumo katika hesabu. Sasa mfikirie mgonjwa aliyelazwa mbali na nyumbani, katika wodi ambamo hawezi kuvuta. Dozi yake inapangwa, anatulia, anarudishwa kijijini akiwa mzima. Siku ya tatu anawasha sigara yake ya kwanza, kisha pakiti. Baada ya wiki chache dawa katika damu imepungua, sauti zimerudi, na majirani wanakubaliana kwamba mtu huyu amerogwa upya kwa sababu hospitali "ilishindwa". Kabila la mgonjwa huyu halikuhusika popote. Swali moja la muuguzi wakati wa kumruhusu, "Kaka, unavuta?", lingetosha.

Nina kijana katika ukoo wetu, nitamwita mpwa wangu, ambaye alianza kusikia sauti katika msimu wa mavuno ya alizeti. Wazazi wake walifanya ambalo tunawasihi watu walifanye kila Siku ya Afya ya Akili: walimpeleka hospitali kwanza, kabla ya kwenda kwingine kokote. Kituo chenyewe sitakitaja, wala hakikuwa Kiomboi. Alichomwa sindano, akapewa vidonge, akarudi nyumbani. Siku ya pili shingo yake ilijikunja upande mmoja, taya ikakaza, macho yakapanda juu yakakataa kushuka. Mama yake alimrudisha kituoni kwa bodaboda, akimshikilia kama mtoto.

"Sista, mwanangu alikuwa anaumwa kichwani. Mbona sasa shingo ndiyo imekataa?"

"Mama, dawa inamwingia hiyo. Mrudishe apumzike."

Sista hakuwa mtu mbaya. Nadhani alikuwa peke yake zamu hiyo, na foleni ilikuwa ndefu. Lakini kilichompata kijana kinajulikana vizuri katika vitabu: ni kukaza kwa misuli kunakoletwa na dawa kama haloperidoli, hasa katika siku za mwanzo, na wanaume vijana ndio hupatwa zaidi. Kinatibika mara nyingi ndani ya saa moja kwa dawa ya bei ndogo kama benzeksoli. Familia haikuambiwa. Usiku ule shangazi mmoja alitoa tafsiri yake: pepo ametolewa kichwani, akahamia shingoni, na waliomhamisha ni wale waliomchoma sindano. Tafsiri hiyo ilikuwa na faida moja dhidi ya ukimya wa kituo: ilieleza kilichoonekana. Mpwa wangu hakumeza tena kidonge chochote kwa karibu miaka miwili, na kwa sehemu ya miaka hiyo mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kwenye gogo.

Nimelisimulia hili kwa sababu jambo lenyewe ni zito kuliko linavyosikika katika lugha ya vimeng'enya. Katika tiba ya malaria, dozi ikikosewa mgonjwa hurudi akilalamika. Katika tiba ya akili, mgonjwa anayelalamika haaminiwi. Akisema dawa inamkaza, tunasema ni ugonjwa unaosema. Akikataa kumeza, tunaandika "mkaidi" katika kadi. Nani aliyewahi kuhesabu ni wangapi kati ya hao wakaidi walikuwa na ini linalokwenda polepole, waliokuwa wakitueleza ukweli mtupu kuhusu miili yao? Na ukitoka Kiomboi kushuka Misigiri, kupita Singida na Manyoni hadi Mirembe pale Dodoma, hospitali iliyoanzishwa miaka ya 1920 na ambayo bado ndiyo tegemeo la kitaifa, ni safari ambayo familia ya mkulima huifanya mara moja. Ikikosewa mara hiyo moja, hawarudi.

Upo mfano mwingine unaoonyesha jinsi kipimo cha mwili wa mtu mwingine kinavyoweza kukunyima dawa badala ya kukulemea. Klozapini ndiyo dawa inayosaidia wagonjwa wa skizofrenia ambao nyingine zote zimewashindwa. Mwaka 1975 nchini Finland iliwaua watu wanane kwa kuporomosha seli nyeupe za damu, na iliporudi sokoni, ilirudi na sharti la kupima damu mara kwa mara. Idadi ya seli ikiwa chini ya kiwango fulani, dawa haianzishwi, au inasimamishwa. Kiwango hicho kiliwekwa kwa damu ya Wazungu. Lakini sehemu kubwa mno ya watu wa Afrika kusini mwa Sahara tumerithi umbo la jeni, liitwalo Duffy hasi, ambalo huzuia malaria aina ya vivaksi kuingia katika chembe nyekundu. Mwaka 2009 ilibainika kwamba umbo hilohilo ndilo linalofanya aina moja ya seli nyeupe zionekane chache katika damu yetu, bila ugonjwa wowote. Tazama basi: urithi uliowakinga babu zetu na malaria ukageuka kuwa sababu ya wajukuu wao, wakiwa wagonjwa London au Chicago, kuambiwa kwamba damu yao haifai kwa dawa. Marekani ilishusha kiwango kwa watu wa kundi hili mwaka 2015 tu. Kabla ya hapo, mtu mwenye afya ya kawaida kwa kipimo cha Iramba alikuwa na kasoro kwa kipimo cha maabara.

Baadhi ya wasomaji wataniambia kwamba nimejipinga mwenyewe. Je, mfano huu haudai daktari ajue asili ya mgonjwa? Unadai ajue hali ya Duffy ya mgonjwa, ambayo hupimwa kwa tone la damu, tena ni kipimo cha zamani katika benki za damu. Asili ilikuwa dokezo. Dokezo ni kitu cha kuanzia kuuliza, na hatari yake ni kwamba watu wavivu hulifanya kuwa jibu.

Sisemi hili kwa nadharia. Afrika Mashariki tuna historia ya watu waliofanya asili kuwa jibu. J. C. Carothers aliiongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938 hadi 1950. Kwa uzoefu huo, Shirika la Afya Duniani lilimchapishia mwaka 1953 kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo aliwafananisha Waafrika na Wazungu waliokatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata aliiandikia serikali ya kikoloni ya Kenya maelezo ya kisaikolojia kuhusu Mau Mau, na madai ya ardhi yakageuzwa kuwa ugonjwa wa watu waliochanganyikiwa na mabadiliko. Huyu hakuwa mchawi wala mlevi wa baa. Alikuwa daktari mwenye faili, na katika faili mlikuwa na safu ya kabila. Safu hiyo ikishakuwepo, haibaki kwenye ini. Itapanda hadi kwenye akili, na kutoka hapo hadi kwenye orodha ya nani ni mkali, nani ni mvivu, nani asikopeshwe. Wahadzabe na Wataturu, ambao tayari wanaandikwa kwa dharau katika ripoti nyingi za wilaya, ndio watakaokuwa wa kwanza kulipa.

Sheria zetu zimelitambua jambo hili kwa namna yake. Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 inadhibiti nani achukue sampuli na kwa idhini ipi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za vinasaba, za asili ya kikabila na za afya katika kundi la taarifa nyeti. Mtumishi wa umma anayedhani kwamba kuongeza safu ya kabila katika daftari la kliniki ni uamuzi mdogo wa kiofisi azisome kwanza.

Rafiki yangu mmoja wa halmashauri alisoma rasimu ya makala haya akanitumia ujumbe mkali. Alisema ninyi wasomi mnabishana kuhusu vimeng'enya wakati huku kwetu dawa zenyewe huisha. Tuleteeni kwanza haloperidoli, ya jeni tutayajua mbele ya safari. Namheshimu, na ana haki ya kukasirika. Lakini dawa iliyofika na ikaachwa kwenye paa la nyumba kwa sababu ilimkaza mtu shingo nayo ni dawa iliyokosekana, tofauti ni kwamba hii tumeilipia. Tena tunalo somo la karibu. Efavirenzi, dawa ya VVU iliyotumiwa na mamilioni ya watu Afrika, iliwaletea baadhi yao jinamizi, sonona na hata maono. Zimbabwe ilipoifanya kuwa dawa ya mstari wa kwanza, Masimirembwa alikuwa ameshaonya kwamba takriban Mzimbabwe mmoja kati ya watano ana jeni inayoichelewesha mno mwilini. Mwaka 2013 uchunguzi uliofanyika Dar es Salaam na Addis Ababa ulionyesha kwamba Watanzania walibaki na kiasi kikubwa zaidi cha dawa hiyo katika damu kuliko Waethiopia, hata pale jeni zilipofanana. Ushahidi ulikuwepo, wa kwetu wenyewe, na dozi ikaendelea kuwa miligramu 600 kwa wengi hadi dawa ilipobadilishwa. Tulikuwa na dawa ya kutosha. Tulichopungukiwa ni mtu wa kuwasikiliza waliosema, "Tangu nianze vidonge hivi silali."

Basi gharama za ile hapana yangu ni zipi? Simwombei mtu mashine ya kusoma vinasaba pale Kiomboi, ingawa siku itafika. Kwa kitaifa, naomba tusikubali kubaki nje ya meza. Uchunguzi mkubwa wa vinasaba vya magonjwa ya akili katika ukanda huu, NeuroGAP-Psychosis, ulifanyika Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini; Tanzania haimo. Kufikia mwaka 2019, asilimia 78 ya watu walioshiriki katika tafiti za vinasaba duniani walikuwa wenye asili ya Ulaya, na Waafrika walikuwa kama asilimia 2. Dawa za kesho zinapimwa sasa, na benchi la Kiomboi halimo katika vipimo, licha ya utajiri wake wote. Vyuo vyetu vingeweza kulitafutia hili fedha, badala ya kongamano jingine la uzalendo lenye fulana.

Kwa wilaya, mambo ni mepesi zaidi na hayahitaji mfadhili. Dozi ianze chini na ipande kwa hatua, mgonjwa akiangaliwa upya katika wiki ya kwanza. Benzeksoli inunuliwe pamoja na haloperidoli, katika agizo lilelile kwa Bohari ya Dawa, kwa sababu kutoa moja bila nyingine ni kumtega mgonjwa. Familia iambiwe mapema, kwa maneno ya kawaida: mwanenu akikaza shingo au ulimi, mleteni hata usiku, ni dawa, inatibika. Madhara yaandikwe na yatumwe TMDA, ambayo kazi yake kisheria ni kuyapokea. Mtaalamu anayeogopa kwamba kuripoti ni kujishtaki, na wapo wengi, mkubwa wake wa kazi amtoe hofu hiyo kwa maandishi.

Na liwepo swali moja la urithi, kwa kuwa urithi ni wa kweli. Jeni hazisafiri na kabila; husafiri na baba na mama. Mtoto wa Mnyiramba aliyeoa Mwiraqw ataandikwa kabila la baba, huku jeni ya ini lake akiwa ameitoa kwa mama, na benchi la kliniki limejaa watoto wa ndoa za namna hiyo. Kwetu ukoo unajulikana hadi kizazi cha tano, na ugonjwa wa mjomba haufichiki. Mwulize mama aliyemleta kijana: "Mama, kuna ndugu yenu yeyote, wa upande wako au wa baba, aliyewahi kutumia dawa kama hizi? Zilimfanyaje?" Mama wa mpwa wangu angeweza kujibu. Kaka yake mwenyewe alitibiwa Dodoma zamani, akarudi amekakamaa, na kila mtu nyumbani alilikumbuka hilo vizuri. Hakuna aliyemwuliza. Kadi ya kliniki aliyonionyesha ina jina, umri, kijiji, uzito, na chini kabisa mistari mitatu ya "maelezo mengine", yote mitupu.